Umeme wa Jua Nyumbani: Hesabu za Kaya ya Bugarama

Katika toleo hili tunakwenda Burundi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Swali letu ni la nyumbani kabisa: je, mwenye nyumba wa Bugarama afunge umeme wa jua, au asubiri nguzo za REGIDESO, shirika la maji na umeme la nchi hiyo?

Kwanza mahali penyewe. Burundi ina Bugarama zaidi ya moja, na wasafiri wengi wanaijua ile ya Muramvya, penye njia panda. Sisi tunazungumzia ile ya milima ya Mirwa, inayotazama ziwa. Ilihesabiwa katika mkoa wa Rumonge tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2015 hadi mipaka ilipopangwa upya mwaka 2025. Chini mwambaoni kuna michikichi na wavuvi wa ndagala (Kigoma wangesema dagaa), na katika soko la Rumonge Kiswahili ni lugha ya kawaida.

Hoja ya kusubiri si ya kipuuzi. Mradi wa mabwawa ya Jiji na Mulembwe, wenye uwezo wa megawati 49.5 kwa pamoja, umejengwa huko huko upande wa Bururi na Rumonge. Lakini bwawa kuwa jirani si sawa na waya kufika mlangoni. Burundi nzima, ni takriban mtu mmoja tu kati ya kumi mwenye umeme, na kuvuta laini kwenye miteremko ambako nyumba zimetawanyika ni kazi ya gharama. Kwa hiyo, ambaye nguzo imesimama karibu na kwake aulize kwanza gharama ya kuunganishwa. Aliye mbali na laini, kwa maoni yetu, asisubiri.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana hapo ndipo watu wanapopoteza fedha. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya paneli. Swali la kwanza lingekuwa: kwa siku moja, nyumba yangu inakula umeme kiasi gani? Tuseme kaya ina taa nne za LED za wati 5, zinazowaka saa tano kila usiku. Hizo ni wati-saa 100. Redio ya wati 5 kwa saa sita ni wati-saa 30. Simu mbili tuzipe wati-saa 20. Jumla ni 150. Kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani, katika betri na nyaya, tugawanye kwa 0.7, tunapata kama 215. Jua la siku ya kawaida tulihesabu kama saa nne za jua kali. Gawanya 215 kwa 4, na jibu ni wati 54, yaani paneli ya wati 60 inatosha.

Ongeza televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa nne, na matumizi yanapanda hadi 230. Paneli sasa inakaribia wati 85. Jokofu dogo linaweza kula wati-saa 500 au zaidi kwa siku peke yake. Muuza samaki anaweza kulilipia kwa biashara yake, lakini kwa soda baridi za nyumbani tu, hesabu haikubali. Pasi ya umeme tusiitaje kabisa.

Jua la Bugarama nalo lina tabia yake. Mahali hapa pako kusini kidogo tu mwa ikweta, kama nyuzi 4, hivyo jua la mchana hupita upande wa kaskazini kwa miezi kama saba na upande wa kusini kwa mitano. Paneli ikilazwa nyuzi 10 hadi 15, maji ya mvua yataosha vumbi, na upande inakoelekea hauleti tofauti kubwa. Tatizo kubwa zaidi ni mlima. Kwa nyumba nyingi za mteremko huu kilele kiko mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi huchelewa. Ya alasiri, kutoka upande wa ziwa, ndiyo mavuno. Bati linalotazama magharibi huko si kasoro. Tena mchikichi mmoja ukitupa kivuli kwenye pembe ya paneli, hupunguza umeme wa paneli nzima, si wa pembe ile tu, kwa sababu vipande vyake vimeunganishwa kwa mfululizo.

Betri ndiyo inayokula fedha. Paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi. Betri ya risasi ikitumiwa kila siku huchoka ndani ya miaka michache. Kaya yetu ya wati-saa 150 ikitaka akiba ya siku mbili za mawingu inahitaji 300, lakini betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inunuliwe ya 600, yaani ampea-saa 50 kwa volti 12. Ya lithiamu huvumilia kushushwa zaidi, hivyo 30 hutosha, nayo huishi muda mrefu, ila bei yake ni ya kukunjia uso. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache na kujazwa papo hapo. Kuiwashia taa usiku kucha ni kuiua. Kidhibiti chaji nacho kisiachwe.

Dukani, chukua rula. Paneli ya wati 100 ina ukubwa wa karibu nusu mita ya mraba. Ukionyeshwa ya wati 100 iliyo sawa na daftari la shule, mrudishie muuzaji huku ukitabasamu.

Je, inalipa? Andika unachotumia kila mwezi kwa mishumaa, betri za tochi na kuchajisha simu kwenye kibanda. Zidisha kwa 24. Kama mtambo mzima, pamoja na betri, hauzidi kiasi hicho, sisi tungenunua. Hicho ni kipimo chetu tu. Mwenye watoto wanaosoma usiku anaweza kukilegeza. Kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, kama ule ambao M-KOPA ya Kenya iliuanzisha mwaka 2012, jumlisha malipo yote hadi la mwisho ndipo ulinganishe, na uulize nini hutokea usipolipa, kwani mitambo mingi ya aina hiyo hujizima yenyewe.

Kwa jamaa walio chini, mwambaoni, kuna jambo moja zaidi. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda na maji yakaingia katika nyumba za Rumonge. Aliye karibu na maji afunge paneli kwa boliti zinazofunguka, na betri aiweke juu ya rafu, si sakafuni.