Mbwa Mpole Asiye na Mwenyewe

Mama mwenzetu, ukishuka kwenye basi pale Mikumi saa za jioni, wakati malori yameegeshwa kando ya barabara kuu na moshi wa nyama choma umetanda, huna budi kumwona. Ni mbwa jike wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Hatabweka. Atakuja taratibu akitikisa mkia, atakaa mbele ya miguu yako, kisha atakutazama usoni kama mtoto anayejua kwamba ndani ya kikapu mna andazi. Watoto wanamwita Popi. Akina mama lishe humtupia mifupa, matingo wa malori humgawia ugali uliobaki, na Jumapili huja mpaka chini ya mwembe wa kanisa, akalala hapo huku sisi tukifanya mazoezi ya kwaya.

Kila mtu anamjua Popi, na kila mtu amewahi kumlisha. Lakini tulipouliza ni mbwa wa nani, kila mtu alimwonyesha jirani yake.

Sisi tunaoandika habari hii ni kikundi cha akina mama wa kanisa, wengine tunaishi Kilosa mjini na wengine Mikumi. Wawili kati yetu ni wauguzi. Tunatembeleana kwa zamu, mwezi huu Kilosa na mwezi ujao Mikumi, tukipita kijiji kiitwacho Ulaya (msicheke, ndilo jina lake, tunakwenda Ulaya na kurudi bila pasipoti). Katika safari hizo ndipo tulipomzoea Popi. Mwaka jana alizaa watoto wanne nyuma ya kibanda cha chipsi. Wawili waligongwa barabarani kabla ya kufikisha miezi miwili, mmoja alichukuliwa na dereva wa lori, na wa mwisho, dume, alikwenda Kilosa kwa mjane mmoja wa kikundi chetu ambaye kuku wake walikuwa wanaibwa usiku.

Baada ya hapo yakaanza maneno. Mbwa wasio na wenyewe walikuwa wameongezeka, na baadhi ya majirani wakasema dawa yake ni sumu kwenye nyama, kazi iishe kwa usiku mmoja. Wengine walinyamaza. Tukiri kwamba hata baadhi yetu tulinyamaza, kwa kuwa sisi wauguzi tunajua hofu hiyo inatoka wapi.

Mtoto aliyeogopa maji

Miaka mingi iliyopita, tukiwa bado wauguzi wachanga, aliletwa mvulana wa miaka kama saba. Alikuwa na kiu kali, lakini kila tulipomsogezea kikombe, koo lilimkaza na mwili wote ukashtuka. Hata upepo wa kanga iliyopepea karibu na uso wake ulimtesa. Tulipomuuliza mama yake kama mtoto aliwahi kuumwa na mbwa, alifikiri kidogo, akasema ndiyo, yapata miezi miwili iliyopita, walipokuwa wakicheza. Kilikuwa kidonda kidogo tu mkononi, kikapakwa mafuta ya taa, kikapona. "Lakini yule ni mbwa mpole," alituambia, "tumemzoea wote pale mtaani." Mtoto hakufika siku ya tatu.

Neno lile "mpole" halijatutoka. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa hukaa ndani ya mate. Huingia mwilini kwa kuumwa, kwa kuparuzwa, au mbwa anapolamba kidonda kibichi, kisha husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Mara nyingi huchukua wiki kadhaa au miezi, na wakati huo wote mtoto anacheza na kwenda shule. Dalili zikishatokea, hakuna tiba ya kumwokoa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote Afrika na Asia, na 4 katika kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, watafiti walikadiria mwaka 2002 kwamba vifo hufikia kama 1,500 kwa mwaka, ingawa vinavyoandikwa hospitalini ni vichache mno, maana wengi hufia nyumbani.

Tena si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia akiuma watu. Wengine hunyamaza, taya hulegea, mate humtiririka, na watoto humwonea huruma wakadhani amekwamwa na mfupa.

Kwa nini si sumu?

Mtu atasema, basi waueni wote. Hilo limejaribiwa katika nchi nyingi wala halijaumaliza ugonjwa. Ukiua mbwa wa mtaa mmoja, wale waliochanjwa nao wanakufa, na nafasi yao inajazwa na wageni wasiochanjwa, maana chakula jalalani bado kipo. Kinachofaa ni chanjo. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kule Pemba walianza kuchanja mbwa kisiwa kizima mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka. Mwaka 2016 kikarudi kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, na mwaka 2018 kikatoweka mara ya pili.

Sisi tulio jirani na Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, tuna sababu nyingine pia. Humo kuna simba na mbwa mwitu, na magonjwa ya mbwa wetu hayajui mpaka wa hifadhi. Mwaka 1994 kule Serengeti, ugonjwa wa mbwa wa vijijini uliwaingia simba, ukaua kama theluthi moja yao.

Sasa shida ya Popi ni hii. Siku ya chanjo, mbwa hupelekwa na mtu anayemshika kamba. Mbwa mwenye kwao hufika. Popi, anayechezewa na watoto wengi kuliko mbwa yeyote wa Mikumi, hakuwahi kufika hata mara moja.

Jina la mwenye mbwa

Tulimpeleka sisi. Tulimfunga kipande cha kitenge shingoni, tukamshawishi kwa kichwa cha dagaa mmoja mmoja, mpaka kwa bwana mifugo. Alichomwa sindano bila kulia, tofauti na watoto wetu. Ndipo bwana mifugo akafungua cheti na kuuliza: jina la mwenye mbwa? Tukatazamana. Tukasema andika kikundi cha akina mama. Akacheka, akasema, "Chanjo hii inarudiwa kila mwaka. Mwakani nimtafute nani, kikundi kizima?"

Tukaanza kumtafutia nyumba. Familia moja ilimchukua, nasi tukafurahi mapema mno. Walikuwa wanataka mlinzi mkali, kwa hiyo walimfunga mnyororo kwenye nguzo ili awe mkali, mchana kutwa juani. Tulimkuta sufuria lake limekauka na shingo imechubuka. Watu wale hawakuwa wabaya. Ndivyo walivyoona wengine wakifuga. Lakini Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na mbwa wa namna hii hata ukimfunga mwaka hatakuwa mkali. Tulimrudisha chini ya mwembe.

Yule mtoto wake wa Kilosa ana bahati zaidi. Mjane anamfungia mchana kwenye kivuli cha banda, usiku anamwachia ndani ya uzio. Kwa kuwa majirani zake ni Waislamu wanaojiepusha na mate ya mbwa, aliwafuata kwanza, akawaeleza, akahakikisha mbwa hasogei kwenye mikeka wala vyombo vyao. Tangu hapo majirani hao hao ndio wanaomwambia, mbwa wako leo amebweka saa nane, angalia kuku.

Kwa hiyo tunajua sasa Popi anahitaji nyumba ya namna gani. Zungumza na baba watoto kwanza, usimfanyie ghafla. Pawe na kivuli, maji kila siku, na chakula hata kama ni ukoko na dagaa. Watoto wafundishwe wasimguse anapokula au anaponyonyesha. Kuhusu kuzaa, mwulize bwana mifugo habari za kumfunga kizazi. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kina hospitali ya wanyama. Na akizaa kabla ya hapo, watoto wake nao wachanjwe.

Na mtoto akiumwa, hata na mbwa wa nyumbani, hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, usipake mafuta ya taa wala tumbaku, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sindano ni zaidi ya moja, na zote zikamilishwe.

Tunapoandika haya Popi bado yuko Mikumi. Wale waliotaka sumu wamepoa kidogo tangu wasikie amechanjwa, ila mmoja ametuambia wazi kwamba atahesabu miezi. Imebaki minne. Cheti kimo ndani ya sanduku la mweka hazina wetu, na jina la kikundi, kwa ushauri wa bwana mifugo, liliandikwa kwa penseli.