Je, Wajua? Mhandisi aliyejipima mwenyewe

Mwaka 1969 kipima sukari hakikuwa kitu cha kutia mfukoni. Kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, bei yake dola 650, na waliouziwa ni madaktari na hospitali tu. Mhandisi Mmarekani Richard Bernstein, mgonjwa wa kisukari aina ya kwanza tangu utotoni, alikipata kwa kuwa mkewe alikuwa daktari. Akawa anajitoboa kidole mara kadhaa kwa siku na kuandika matokeo. Daftari likamwonyesha kwamba kilichopandisha sukari kuliko vyote ni wanga. Akaupunguza hadi gramu 30 hivi kwa siku (sahani ya ugali wa kushiba huvuka hapo mbali sana), na dozi za insulini zikapungua pia. Hapo ndipo penye hatari kwa anayeiga bila daktari: wanga ukikatwa na dozi ikabaki ile ile, sukari hushuka hadi mtu akazimia.

Majarida ya kitabibu yalimkatalia makala aliyoandika kuhusu njia hiyo. Basi, ili asikilizwe, akaenda kusomea udaktari, umri ukiwa umeshapita miaka 40. Alifariki 2025, akiwa na miaka 90.