Mdundo Unaoongoza Hatua: Tiba Zisizo za Dawa kwa Wagonjwa wa Parkinson

Ugonjwa wa Parkinson, ambao daktari James Parkinson wa London aliueleza kwa kina mwaka 1817, hutokana na kufa polepole kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, yaani kemikali inayouwezesha mwili kusogea kwa mpangilio bila mtu kuufikiria. Dopamini inapopungua, viungo hukakamaa, mikono hutetemeka, miguu huburuzwa na sauti hufifia. Levodopa, dawa iliyoanza kutumika katika miaka ya 1960, hufidia sehemu ya upungufu huo na hadi leo ndiyo nguzo ya matibabu, lakini haizuii seli kuendelea kufa, na matatizo kama kuyumba na kuanguka mara nyingi hayatulizwi nayo vya kutosha. Ndiyo maana si haki tiba zisizo za dawa kuhesabiwa kuwa nyongeza ya hiari.

Tatizo linaloonyesha vizuri thamani ya tiba hizo ni kuganda, hali ambapo miguu ya mgonjwa hunata ghafla sakafuni, hasa anapopita mlangoni au anapogeuka, ingawa misuli yake ina nguvu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mtu huyohuyo huweza kupanda ngazi bila shida, au kuvuka mistari iliyochorwa sakafuni, kama daktari Purdon Martin alivyoandika mwaka 1967. Inaelekea kwamba viini vya ndani ya ubongo vinavyopima wakati wa kila hatua vinaposhindwa kazi, ubongo huweza kupitia njia nyingine inayopokea ishara kutoka nje, kwa macho au kwa masikio. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake, huko Colorado nchini Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa waliojizoeza kutembea kwa kufuata mdundo wa muziki kwa wiki 3 walipata kasi zaidi na hatua ndefu zaidi.

Uthibitisho wenye uzito wa pekee kwa Afrika Mashariki ulitoka wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako watafiti waliopita nyumba kwa nyumba waligundua kwamba wagonjwa wengi hawakuwa wametambuliwa, sembuse kutibiwa. Baadhi yao, ambao hawakuwa wametumia dawa yoyote ya ugonjwa huo, walifundishwa kutembea kwa kufuata ishara, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba kasi yao na urefu wa hatua zao viliongezeka. Matokeo hayo yasigeuzwe kisingizio cha kuwanyima watu levodopa. Yanachothibitisha ni kwamba hata pale dawa isipofika, mgonjwa hapaswi kuachwa akae tu.

Sauti nayo ina tiba yake, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Lorraine Ramig na kupewa jina la mgonjwa wa Arizona, Lee Silverman. Mgonjwa hudhani anazungumza kwa sauti ya kawaida ilhali wasikilizaji hawamsikii, kwa hiyo katika vipindi 16 vya wiki 4 huzoezwa kupaza sauti mpaka sikio lake likubali kipimo kipya. Kuhusu kuyumba, utafiti wa Oregon uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba tai chi, mazoezi ya Kichina ya mijongeo ya polepole, yakifanywa mara 2 kwa wiki kwa miezi 6, huimarisha usawa wa mwili na kupunguza kuanguka.

Nyumbani, mgonjwa aliyeganda asivutwe mkono, kwani huweza kuanguka. Asimame kwanza, ahamishie uzito mguu mmoja, kisha aanze kutembea huku jamaa yake akimhesabia kwa sauti au akipiga makofi kwa mwendo usiobadilika. Vipande vya utepe wa rangi vilivyobandikwa sakafuni karibu na mlango huyapa macho yake mahali pa kulenga hatua. Mazoezi yenyewe yafanyike baada ya kupata ushauri wa mtaalamu wa tiba ya viungo, karibu na ukuta au kiti imara, na kwa anayetumia levodopa, katika saa ambazo dawa inafanya kazi vizuri.