Kilichorudi Ndani ya Shanta

Vifaa vyepesi vya safari ya miguu milimani vinastahili kupimwa mara mbili, yaani kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, lakini wasafiri wengi huipa mizani ya kwanza heshima yote na ya pili huisahau kabisa. Kosa hilo si dogo, kwa sababu mizani ya kabla ya safari husema tu kwamba kifaa fulani kina gramu ngapi, ilhali ile ya baadaye, ikisomwa pamoja na kumbukumbu za usiku wa baridi na miteremko ya matope, ndiyo inayoweza kueleza kila gramu ilifanya kazi gani, na pengine kwamba haikufanya kazi yoyote.

Hesabu hiyo huanzia kwenye kile kinachoitwa uzito wa msingi, maana yake uzito wa kila kitu kilichomo ndani ya shanta isipokuwa chakula, maji na nishati ya kupikia, vitu ambavyo hupungua njiani na kwa hiyo havilinganishiki kwa urahisi kati ya safari moja na nyingine. Nchini Marekani, ambako mtindo huu wa kusafiri umeota mizizi zaidi, mzigo wa msingi usiozidi kilo 9 hivi huhesabiwa kuwa mwepesi, na ule ulio chini ya kilo 4.5 huhesabiwa kuwa mwepesi kupindukia. Mipaka hiyo imetokana na pauni 20 na pauni 10, kwa hiyo ni namba za urahisi zaidi kuliko za kisayansi. Mara nyingi hutajwa Emma Gatewood, bibi wa miaka 67 ambaye mwaka 1955 alitembea peke yake njia yote ya Appalachian Trail, inayokaribia kilomita 3,500, akiwa na raba za kitambaa, mfuko alioushona mwenyewe na pazia la plastiki la bafuni la kujikingia mvua. Bibi huyo hakuwa na kifaa hata kimoja cha kisasa. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa kutambua asichokihitaji, na ujuzi wa namna hiyo hauuzwi dukani.

Kwa Afrika Mashariki, mfano mzuri wa kufanyia tathmini hii ni Mlima Kenya, hasa safari ya siku nne au tano inayopanda kwa njia ya Sirimon, kupitia kambi za Old Moses na Shipton, hadi Lenana yenye mita 4,985, kisha kuteremka kwa njia ya Chogoria. Safari hiyo ni fupi, lakini humpitisha msafiri katika msitu wenye mvua, nyika ya nyasi zilizolowa, mawe makavu na baridi inayogandisha maji usiku, ingawa Ikweta imepita hapo hapo karibu, na kwa hiyo kila kifaa hupata nafasi ya kujieleza.

Anayerudi Nairobi au Nanyuki hushauriwa asiitawanye mizigo yake kabla ya kuimwaga yote sakafuni na kuigawa katika mafungu matatu: vilivyotumika kila siku, vilivyotumika mara moja moja, na ambavyo havikutolewa hata mara moja. Fungu la tatu ndilo linalofundisha zaidi na pia ndilo linalopotosha zaidi. Humo mtaonekana shati la akiba, kisu cha pili, sufuria ambayo ilikuwa imebeba soksi tu, pawabenki mbili kwa simu moja isiyokuwa na mtandao. Lakini humo humo mtakuwamo sanduku la huduma ya kwanza, filimbi ya kuitia msaada na pengine koti la mvua, kwa kuwa mvua haikunyesha. Kukiondoa kifaa cha aina hii ya pili kwa hoja kwamba hakikutumika ni kuichukulia bahati kama ushahidi. Swali linalofaa kuulizwa ni kwamba, kama mvua ingenyesha juu ya Shipton alasiri, nini kingetokea. Na likishajibiwa hivyo, koti litarudi shantani bila ubishi, huku shati la akiba likibaki kabatini.

Jiko la gesi huonyesha vizuri zaidi kuliko kifaa kingine chochote tofauti iliyopo kati ya kukumbuka na kupima. Mtungi mdogo wa gesi wa kufungia chini ya jiko hauna dirisha, kwa hiyo kilichobaki ndani hakionekani. Hata hivyo, ukiwekwa juu ya mizani ya jikoni kabla na baada, siri yote hutoka. Tuseme mtungi wenye gesi ya gramu 230 ulikuwa na gramu 380 pamoja na bati lake siku ya kuondoka, na umerudi ukiwa na gramu 265: basi zimetumika gramu 115 tu, na nusu nzima ya gesi imepandishwa hadi kileleni na kuteremshwa bure, wakati mtungi wa ukubwa wa chini, wenye gramu 100, ungekaribia kutosha kama kifuniko cha sufuria kingetumiwa na upepo ungezuiwa. Zikigawanywa gramu hizo kwa idadi ya mara maji yalipochemshwa, msafiri hupata kipimo chake mwenyewe, ambacho kwa nusu lita ya maji huwa gramu 7 hadi 10 hivi penye utulivu na huongezeka sana penye upepo. Inafaa pia kukumbukwa kwamba kwenye mwinuko wa mita 4,200 maji huchemka kwenye nyuzi joto 86 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yanaweza kutokota asubuhi kutwa yasiive, na gesi iliyoteketea kwa kazi hiyo isihesabiwe kuwa ni kosa la jiko.

Lipo kosa lingine ambalo mizani hulisahihisha. Gesi ya mitungi hiyo kwa kawaida ni mchanganyiko wa butani, ambayo huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi sifuri, pamoja na isobutani na propani ambazo huvumilia baridi kali zaidi. Matokeo yake ni kwamba mtungi wenye butani nyingi huweza kuzimika alfajiri pale Shipton kana kwamba umekwisha, na mchana wa kesho yake ukawaka bila tatizo. Anayetegemea kumbukumbu ataandika kwamba gesi haikutosha na safari ijayo atabeba mtungi mkubwa zaidi, ilhali anayepima atagundua kwamba gesi ilikuwapo, kilichokosekana ni joto, na kwamba kuulaza mtungi ndani ya mfuko wa kulalia usiku kungemaliza shauri.

Mfuko wa kulalia wenyewe ndio kifaa ambacho watu hukihukumu kwa haraka kuliko vyote, kwa sababu aliyetetemeka usiku hana subira ya uchunguzi. Namba ya joto iliyoandikwa kwenye mfuko, ukiwa umepimwa kwa kanuni ya kimataifa inayojulikana kama ISO 23537, si moja: ipo ya starehe, yaani baridi ambayo mtu ataweza kulala bila kujikunja; ipo ya ukomo, ambayo mtu atalala kwa kujikunyata; na ipo ya hatari, ambayo husema tu juu ya kuepuka kifo kwa baridi. Matangazo ya biashara yana tabia ya kuitaja ile inayopendeza. Kwa hiyo mfuko ulioandikwa nyuzi sifuri unaweza kuwa umetimiza ahadi yake kikamilifu hata kama mwenyewe hakupata lepe la usingizi.

Zaidi ya hayo, huenda lawama haziuhusu mfuko kabisa. Mwili wa mlalaji hukandamiza manyoya laini ya bata au nyuzi bandia zilizo chini yake hadi hewa iliyonaswa humo, ambayo hasa ndiyo inayozuia joto lisitoke, ikatoweka, na kuanzia hapo kazi ya kuuzuia ubaridi wa ardhi huwa ya kigodoro peke yake. Uwezo wa kigodoro hutajwa kwa kipimo kinachoitwa R, ambacho huonyesha joto linavyozuiwa kupita, na ambacho kina sifa nzuri ya kujumlishika, kwa maana kwamba vigodoro viwili vikiwekwa kimoja juu ya kingine, vipimo vyao hujumlishwa. Aliyehisi baridi mgongoni na kiunoni huku kifua kikiwa na joto amepewa jibu na mwili wake mwenyewe: kigodoro chembamba cha povu chenye uzito wa gramu mia moja na kitu kitamfaa kuliko kununua mfuko mwingine wa bei mbaya.

Upo unyevu pia. Mfuko wa manyoya ukipimwa mara tu baada ya kurudi, kabla ya kuanikwa, aghalabu huonekana umeongezeka uzito, na kama ulikuwa na gramu 900 ukawa na 960, hizo 60 ni jasho na pumzi za usiku zilizopenya na kutulia ndani. Manyoya yaliyolowa hivyo hushikana na kusinyaa, kwa hiyo usiku wa nne huwa wa baridi kuliko wa kwanza hata kama kipimajoto kinasema vilevile. Nusu saa ya kuuanika mfuko juani, juu ya mwamba, wakati wa kunywa chai ya mchana, hurudisha sehemu kubwa ya joto hilo bila kuongeza gramu hata moja.

Kuhusu hema, jambo la kutenganisha ni maji yaliyoingia na maji yaliyozaliwa ndani. Mahema mepesi mengi yana kitambaa kimoja tu badala ya viwili, na pumzi za walalaji zikikutana na kitambaa hicho kilichopoa hugeuka matone, ambayo asubuhi huwadondokea usoni na kuwafanya waamini kwamba hema linavuja. Likinyunyiziwa maji nyumbani kwa bomba la bustani kwa muda wa robo saa huku mtu akiwa ndani na tochi, ukweli hujulikana. Wakazi wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam wana sababu ya ziada ya kuharakisha kuanika: utando wa poliyurethani unaopakwa kwenye vitambaa vingi ili visipitishe maji huharibiwa na joto likichanganyika na unyevu, hivi kwamba hema lililofungwa likiwa bichi na kusahauliwa juu ya kabati la pwani linaweza kufunguliwa likinata kama urojo na kunuka.

Viatu vinahitaji hukumu ya peke yake, kwani gramu iliyo mguuni, inayoinuliwa na kushushwa maelfu ya mara kwa siku, huchosha mara kadhaa kuliko gramu iliyo mgongoni, na hilo ndilo lililowafanya watembezi wengi waache mabuti mazito ya ngozi na kuvaa raba za kukimbilia. Hata hivyo kanuni hiyo ina mpaka wake wa kijiografia. Kwenye milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ambako njia hupita katika madimbwi ya tope linalofika magotini, kiatu kinachopendwa na waongozaji na wapagazi ni gambuti, lile lile la mpira la mchungaji na mkulima, zito, lisilopumua, na lisilo na mshindani. Anayelipima gambuti kwa mizani ya jikoni pekee atakuwa amepima kitu kisichoulizwa.

Katika nchi hizi vifaa vingi vyepesi hukodishwa au hununuliwa mitumba, kwa mfano Gikomba jijini Nairobi, na kwa hiyo kilichoandikwa kwenye lebo ni historia ya kifaa kilipokuwa kipya. Koti la mvua la mitumba linapaswa kumwagiwa maji kidogo: yakibingirika kama yanavyobingirika juu ya jani la yungiyungi, dawa ya juu ingalipo, yakitandaa na kukifanya kitambaa kuwa cheusi, dawa imekwisha, na mwenye koti atatota kwa jasho lake mwenyewe hata kama mvua haijapenya. Mara nyingi kulifua vizuri na kulipaka dawa upya hutosha.

Chakula kilichorudi hupimwa pia, ingawa kwa huruma, kwa sababu mwinuko huondoa hamu ya kula na biskuti zilizobaki zinaweza kuwa alama ya kichefuchefu badala ya uchoyo wa kufungasha. Waliokosea upande wa pili wanajulikana: mwaka 1943 mateka watatu wa vita wa Kiitalia walitoroka kambi ya Nanyuki, wakapanda Mlima Kenya kwa vyuma vya miguuni walivyovifua kutokana na mabaki ya chuma na kamba zilizotokana na katani ya vitanda vyao, wawili kati yao wakafika Lenana, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini wakiwa wamedhoofika kwa njaa. Vifaa vyao vya kubahatisha vilihimili safari. Posho ndiyo iliyowaangusha.

Kilimanjaro hubadilisha swali zima, kwa kuwa huko msafiri kwa kawaida hubeba begi dogo la maji, koti na kamera, na mzigo mkubwa hubebwa na mpagazi, kichwani au mabegani. Kanuni za hifadhi huweka kilo 20 kuwa kikomo cha mzigo wa mpagazi, na mizigo hupimwa malangoni, kama vile Marangu na Machame, kabla ya safari kuanza. Mizani hiyo ya langoni huhesabu kilo peke yake, haiulizi kama ndani ya begi mna jozi ya tatu ya viatu au kiti cha kukunja ambacho hakitafunguliwa. Na mwenye begi, ambaye mabega yake hayakuumia, hana maumivu ya kumkumbusha alipokosea. Kwake yeye, mafungu matatu ya sakafuni ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki, na fungu la vitu ambavyo havikuguswa linafaa lipimwe kando, kisha namba yake iandikwe pamoja na idadi ya siku ambazo mtu mwingine aliupandisha na kuuteremsha mzigo huo.