Msomaji Asiyekuwepo: Uandishi wa Watoto na Mjadala wa Filamu katika Elimu ya Nyumbani

Mtoto anayesomeshwa nyumbani huandika, kwa sehemu kubwa, kwa ajili ya msomaji mmoja, naye ni mzazi wake. Hali hii huonekana kuwa ya heri, kwa kuwa msomaji huyo ana upendo, ana muda, na anamfahamu mwandishi kuliko mwalimu yeyote mwenye darasa la watoto arubaini. Hata hivyo, ndani ya heri hiyo mna kikwazo ambacho ni rahisi kukipuuza: mzazi anajua mno. Mtoto anapoandika kwamba fulani alikasirika kwa sababu ya kile kilichotokea pale, mzazi anaelewa fulani ni nani, kile ni kipi na pale ni wapi, kwa sababu alikuwapo. Sentensi hupita bila kuulizwa swali. Makala haya yanaeleza jinsi mjadala wa filamu, ambao familia nyingi za aina hii huutumia kuchochea uandishi, unavyoweza kukikuza kikwazo hicho au kukiondoa.

Suala la msomaji wa nje si geni katika mabishano juu ya elimu ya nyumbani, ingawa kwa kawaida hujadiliwa kwa sura nyingine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 ya Uingereza na Wales ilimtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto anapata elimu kwa kuhudhuria shule au kwa njia nyingine, na ni maneno hayo machache ya mwisho yaliyowapa nafasi wazazi wasiotaka shule. Nchini Marekani, kufikia mwaka 1993 elimu ya nyumbani ilikuwa halali katika majimbo yote 50. Ujerumani imeshika njia tofauti na hairuhusu isipokuwa kwa nadra, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliukubali msimamo wake kwamba mtoto anahitaji kukutana na jamii pana kuliko ukoo wake. Watetezi wa elimu ya nyumbani hujibu hoja hiyo kwa kutaja michezo, ibada na marafiki wa mtaani. Jibu hilo linatosha kwa upande wa maisha ya kijamii, lakini haligusi daftari. Mtoto anaweza kuwa na marafiki kumi mtaani na bado asiwahi kuandika ukurasa mmoja kwa mtu asiyemjua.

Ugumu wenyewe ulielezwa na Lev Vygotsky katika kitabu chake kuhusu fikra na lugha kilichochapishwa mwaka 1934. Watu wanaongoja tramu kituoni hawana haja ya kusema kwamba tramu waliyokuwa wakiingoja inakuja. Neno moja linatosha, kwa kuwa wote wanaitazama njia moja. Kadiri wazungumzaji wanavyoshiriki ujuzi mmoja, ndivyo usemi wao unavyofupika. Maandishi yamo upande wa pili kabisa: msomaji hayupo, haoni uso wa mwandishi wala hasikii kiimbo chake, na kila kilichoachwa wazi katika mazungumzo hakina budi kutamkwa kikamilifu. Kwa sababu hiyo mtoto hodari wa kusema anaweza kuwa dhaifu wa kuandika bila kuwa mvivu wala mzito wa akili. Kaida za fasihi simulizi zinalieleza jambo hili kwa njia nyepesi zaidi. Fanani wa ngano anayo hadhira mbele yake. Akisema "Paukwa", huitikiwa "Pakawa", na akiona macho yamepotea hurudi nyuma akaeleza upya. Mtoto mwenye kalamu hana wa kumwitikia.

Katika historia ya elimu ya nyumbani, mtu aliyekaribia kulitatua tatizo hili mapema ni Charlotte Mason, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1842 na kufariki mwaka 1923, ambaye mawazo yake yangali yanafuatwa na familia nyingi nchini Uingereza na Marekani. Nguzo ya mbinu yake ni usimulizi. Mtoto husomewa kifungu mara moja tu, kisha hukisimulia kwa maneno yake mwenyewe bila kukatizwa. Mtoto wa chini ya miaka sita halazimishwi. Baadaye husimulia kwa mdomo kwa miaka kadhaa, na kuandika huja polepole baada ya ulimi kuzoea mpangilio wa habari. Uamuzi wa kusoma mara moja una busara kubwa, kwa kuwa mtoto ajuaye kwamba hatarudiwa husikiliza kama mtu atakayetumwa kupeleka ujumbe.

Lakini anayesimuliwa ndiye huyo huyo aliyekisoma kifungu. Mtoto anamwambia mama jambo ambalo mama amelisema dakika mbili zilizopita. Kwa upande wa kumbukumbu zoezi lina nguvu. Kwa upande wa mawasiliano lina upungufu. Mason alikuwa na chombo kingine kilichofidia sehemu ya upungufu huo. Mwaka 1891 ilianzishwa chini ya uongozi wake shule ya kwa njia ya posta iliyozitumia familia ratiba za masomo kila muhula, na mwisho wa muhula watoto waliandika majibu ya mitihani ambayo yaliweza kusomwa na watu wa mbali. Msomaji alikuwa mgeni hatimaye, ila hakuwa mgeni kikamilifu, kwa kuwa vitabu alivijua. Mfano ulio kamili zaidi unatoka shuleni wala si nyumbani: katikati ya miaka ya 1920, mwalimu Célestin Freinet wa Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa, aliwapa wanafunzi wake mashine ndogo ya kupigia chapa, wakachapa habari za kijiji chao na kuzituma kwa darasa la Trégunc, katika pwani ya Bretagne. Watoto wa milimani waliwaandikia watoto wa baharini ambao hawakuwahi kuuona mlima wao. Waliokuwa wakisoma hawakujua lolote, na waandishi walijua kwamba hawajui.

Filamu huingia katika picha hii kwa namna yenye utata. Familia huketi pamoja, hutazama pamoja, hucheka pamoja, kisha mzazi humwomba mtoto aandike juu ya kile ambacho wote wamekiona. Hapo hali ya kituo cha tramu imekamilika. Ukurasa unaopatikana kwa kawaida huwa na maoni mawili, kwamba filamu ilikuwa nzuri na kwamba mhusika fulani alichekesha, pamoja na orodha ya matukio yaliyounganishwa kwa "halafu". Mzazi hulaumu ufinyu wa msamiati. Lawama hiyo mara nyingi haina msingi: mtoto hakuhitaji msamiati zaidi, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuelezwa.

Kazi inayofaa kuonyesha njia nyingine ni Bacheha-ye Aseman, yaani Watoto wa Mbinguni, filamu ya Majid Majidi ya mwaka 1997, ambayo ilikuwa ya kwanza kutoka Iran kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Ali, mvulana wa familia maskini mjini Tehran, anapoteza viatu vya dada yake Zahra alivyotoka kuvichukua kwa fundi. Kwa kuogopa kumwongezea baba mzigo, watoto wanakubaliana kuvaa kwa zamu raba za Ali: Zahra asubuhi, Ali baada yake, kwa kuwa saa zao za shule zinatofautiana. Makubaliano hayo hayafanywi kwa sauti. Wazazi wako karibu, kwa hiyo kaka na dada wanaandikiana katika daftari huku wakijifanya wanashughulikia kazi za shule. Ni vigumu kupata tukio linalomfaa zaidi mtoto anayejifunza kuandika. Maandishi ya hapa yana haja, yana msomaji na yana hatari. Zahra hasomi ili asahihishe tahajia. Anasoma ili ajue kesho atakwenda shule na nini miguuni.

Mjadala wa filamu kama hii hufaulu au huharibika katika swali la kwanza. Mazoea ya kuanza na ujumbe, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayafahamu vyema kutoka mitihani ya fasihi, humfanya mtoto atafute jibu lililofichwa kichwani mwa mzazi. Atasema kwamba filamu inafundisha tusikate tamaa, na mazungumzo yatakuwa yamekufa kabla ya kuzaliwa. Swali lenye manufaa zaidi ni dogo: ulimwona nani, wapi, akifanya nini? Kutoka hapo mtoto hufika mwenyewe kwenye sababu. Zahra anaviona viatu vyake miguuni mwa msichana mwingine shuleni. Yeye na kaka yake wanamfuata hadi kwao, wanagundua kwamba baba wa msichana huyo ni kipofu, na wanarudi nyumbani bila kudai kitu. Hakuna anayesema kwa nini. Mtoto anayeulizwa aliona nini katika nyuso zao hulazimika kulisema yeye lile ambalo filamu imelinyamazia, na hicho ni kitendo cha kiuandishi hata kabla kalamu haijashikwa.

Mwisho wa filamu una utajiri zaidi. Ali ameingia mbio ambazo zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba, na kwa bahati mbaya anashika nafasi ya kwanza. Watazamaji wanaonyeshwa kwa muda mfupi baiskeli ya baba ikiwa na viatu vipya. Ali haoni. Yeye anarudi nyumbani mikono mitupu, anaketi kando ya kidimbwi cha uani na kuitumbukiza majini miguu iliyojaa malengelenge, na samaki wanaikusanyikia. Kuna kinaya hapa, ila mtoto wa miaka tisa hahitaji istilahi hiyo. Anahitaji zoezi: aandike yaliyompitia Ali jioni ile, kwa nafsi ya kwanza. Kishawishi cha kuvitaja viatu vya kwenye baiskeli ni kikubwa, kwa kuwa mwandishi ameviona. Akivitaja, hana haja ya kuambiwa amekosea. Inatosha aulizwe Ali amejuaje. Mtoto hugundua kwa swali hilo moja kwamba anachokijua yeye, anachokijua mhusika na anachokijua msomaji ni vitu vitatu. Sura nzima ya kitabu cha kiada kuhusu mtazamo wa msimulizi haitampa zaidi ya hapo.

Hata hivyo, bado mzazi ndiye anayesoma. Njia nyepesi ya kuvunja mzunguko huo ni kumwacha mtu mmoja nje ya chumba kwa makusudi. Baba akiwa kazini, au bibi akiwa mji mwingine, au binamu ambaye hajapata kuiona filamu, huyo ndiye hadhira. Mtoto anaambiwa mapema kwamba atamwandikia yeye, na kwamba msomaji atarudisha maswali wala si alama. Msomaji asiyejua huuliza mambo ambayo mzazi aliyetazama hangefikiria kuyauliza: kwa nini mtoto asimwambie baba yake tu? Uani kuna kidimbwi cha nini? Kila swali linaonyesha mahali ambapo ukurasa ulitegemea macho badala ya maneno, na marekebisho hupata sababu isiyo ya kumridhisha mwalimu. Tahajia na alama za uandishi huweza kungoja nakala ya mwisho. Kuzisahihisha katika nakala ya kwanza humfunza mtoto kutumia maneno anayojua kuyaandika tu, akaacha yale anayoyahitaji.

Afrika Mashariki ina mabingwa wa kazi hii ambao elimu rasmi haijawatazama sana. Wasimulizi wa filamu kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya wamejipatia umaarufu kwa kuzieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili mbele ya watazamaji wasioijua lugha ya wahusika. Hawatafsiri neno kwa neno. Wanaeleza nani ana kisasi na nani, wanakumbusha lililopita, wanatia chumvi pale picha inapopwaya. Mtazamaji wa kibanda umiza huiona picha, lakini hana maneno, naye msimulizi hana ruhusa ya kudhani kwamba imeeleweka. Mzazi anayemsomea mtoto mdogo manukuu ya filamu ya Kiajemi hufanya sehemu ya kazi hiyo hiyo bila kujua, na hakuna kinachomzuia kumkabidhi mtoto mkubwa nafasi hiyo mbele ya wadogo zake.

Kwa watoto ambao bado hawaandiki, filamu isiyotegemea usemi ina faida ya pekee. Le Ballon rouge ya Albert Lamorisse, ya mwaka 1956, ina urefu wa dakika 34 na takriban haina mazungumzo: mvulana wa Paris anafuatwa na puto jekundu mitaani mpaka watoto wengine wanapoliandama na kulipasua. Hakuna sentensi ya kukariri. Mtoto wa miaka mitano akitaka kumweleza dada yake mkubwa kisa hiki, maneno yote ni yake, na dada akiyaandika kama yanavyotamkwa, bila kuyapamba, ukurasa hupatikana ambao mdogo anaweza kusomewa siku inayofuata. Mara nyingi atasimamisha usomaji katikati na kudai kitu kiongezwe. Ameanza kumwona msomaji, na safari hii msomaji ni yeye mwenyewe wa jana.