Michakato Iliyosahaulika katika Kompyuta za Utafiti

Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009, liliwahusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Hapa Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Mzazi aliyempakata mwanawe akitolewa damu haioni kompyuta inayopokea taarifa zake, ilhali jibu ambalo taifa litapewa lazima lipitie humo. Ndiyo sababu nathubutu, nikiwa tabibu, kuandika juu ya jambo ambalo aghalabu huachiwa mafundi.

Mchakato ni programu iliyo kazini. Mchambuzi wa takwimu anayetumia R au Python huweza kuuamuru mchakato mmoja uzae mingine minane ili igawane hesabu. Kazi ikikatika katikati, mzazi huweza kufa na watoto wakabaki. Katika Linux mayatima hao kwa kawaida hulelewa na mchakato nambari 1, nao huendelea kula kumbukumbu ya mashine pasipo mtu kuwatazama. Katika joto la Februari la pwani yetu, dalili ya kwanza huwa ni kelele ya feni.

Ipo na misukule: michakato iliyokwisha kufa, ila mzazi wake hajapokea taarifa ya kifo. Mwilini, seli inayojiua kwa utaratibu huzolewa na makrofaji. Isipozolewa hupasuka na kuudhi tishu jirani. Msukule wa kompyuta ni mpole zaidi, kwani haushiki kumbukumbu bali hujaza mstari mmoja tu katika orodha. Kuuua hakuwezekani, maana umekwisha kufa. Anayepaswa kushughulikiwa ni mzazi.

Wanaotumia Jupyter wajue kwamba kufunga ukurasa kwenye kivinjari si kuzima kazi. Taarifa zote zilizopakiwa hubaki katika kumbukumbu hadi kazi yenyewe izimwe, na katika mashine inayotumiwa na wengi hilo si jambo la kupuuza pale taarifa zinapokuwa za wagonjwa.

Hata hivyo, polepole ya mashine si hatari kuu. Mchakato wa jana ukiendelea kuandika katika faili lilelile linaloandikwa na wa leo, hudhurio moja la mtoto huweza kuhesabiwa mara mbili, au kufutwa. Hapo hakuna kengele inayolia.

Usafishaji huanza kwa kutazama: mchakato ni wa nani, ulianza lini, mzazi wake ni yupi. Kisha hutumwa ishara nambari 15, inayouomba ujifunge wenyewe. Nambari 9 huukata papo hapo, bila fursa ya kumaliza kuandika, nami naona wengi huikimbilia mapema mno. Kuua kila kitu chenye jina la R katika seva ya pamoja ni ukatili: huenda mwenzako ana hesabu ya siku tatu humo. Kwa watumishi wa kliniki wenye Windows, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja mwone kinachoendelea, na msichokijua mkiache hadi mumuulize fundi.

Kwa waandishi wa programu za R, kinga ni nyepesi. Ndani ya fanksheni, mara tu baada ya mstari unaozaa michakato, uwekwe on.exit wenye stopCluster, ili watoto wafungwe hata kazi ikikatika kwa hitilafu.