Nyaya za Umeme Katika Nyumba za Zamani: Hatari Iliyojificha Darini

Nyumba nyingi za zamani katika kata zetu zilifungwa umeme kwa matumizi ya taa chache, redio na pengine pasi. Leo nyumba hizo hizo zina majokofu, televisheni, mabirika na majiko ya umeme, hasa zile ambazo vyumba vyake vimepangishwa kwa familia tofauti. Vyombo vimeongezeka, nyaya zimebaki zile zile.

Umeme wa majumbani nchini mwetu ni wa volti 230. Birika la wati 2,000 huvuta takriban ampea 9, jiko dogo la wati 1,500 huvuta zaidi ya ampea 6, na pasi ya wati 1,000 huongeza ampea 4 hivi. Vyombo hivyo vitatu vikitumika pamoja kwenye eksitensheni moja, mzigo unakaribia ampea 20, ilhali plagi na soketi zetu za pini tatu zimeundwa kubeba ampea 13 tu. Waya hupata joto, plastiki yake hukauka na kupasuka, na siku moja shaba mbili hugusana. Soketi iliyobadilika rangi au inayotoa harufu ya plastiki inayoungua imekwisha kutoa onyo.

Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya haujaungua. Katika mbao za zamani za fyuzi, waya mwembamba uliokatika hubadilishwa, na hapo ndipo wengi hufunga kipande cha shaba kilichochunwa kwenye waya mwingine ili “isikatike tena”. Ni kweli, haikatiki. Kinachoungua badala yake ni waya wa darini, katikati ya mbao na vumbi.

Hatari inayosahauliwa zaidi ni kukosekana kwa waya wa ardhi. Zipo nyumba ambazo waya huo haukufungwa kabisa. Kwingine fimbo yake imeliwa na kutu, au imeng’olewa na wezi wa vyuma chakavu. Taa zitaendelea kuwaka kama kawaida, ndiyo maana hakuna anayegundua. Lakini waya uliochubuliwa na panya ukigusa bati la paa, paa zima linaweza kuwa na umeme, pamoja na kamba ya chuma ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye bati hilo. Anayeanika nguo mbichi akiwa peku yuko hatarini mno.

Fyuzi haitamwokoa mtu huyo. Fyuzi ya taa ya ampea 5 inaruhusu mkondo wa miliampea 5,000 kupita, ilhali sehemu ndogo tu ya kiasi hicho yaweza kuusimamisha moyo. Kipo kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kufikia miliampea 30. Nyumba nyingi za zamani hazina kifaa hicho, nasi tunaona kwamba kukifunga ni muhimu kuliko kubadilisha taa na swichi kwa ajili ya urembo. Tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie nayo ikome: pini inayokosekana ndiyo ya ardhi.

Wanaojifungia nyaya wenyewe wazingatie pia rangi. Zamani waya wa moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi. Sasa wa moto ni wa kahawia na nyutro ni ya buluu. Katika nyumba zenye njia tatu za umeme, buluu ya zamani ilikuwa waya wa moto. Anayeichukulia kuwa nyutro anaweza kulipia kosa hilo kwa uhai wake.

Wajibu wa TANESCO huishia kwenye mita. Kuanzia hapo, nyaya ni za mwenye nyumba, na mpangaji anayeona dalili tulizotaja amweleze bila kuchelewa. Kazi apewe fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombeni awaonyeshe leseni hiyo, na apime nyaya pamoja na fimbo ya ardhi kwa vifaa, si kwa kutazama tu.

Mtu akinaswa na umeme, msimguse kabla ya kuzima swichi kuu. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Zimeni swichi kuu iwapo inafikika kwa usalama, tokeni nje wote, kisha pigeni simu Zimamoto kwa namba 114.